Mashindano ya Mashua Lamu: Maswali Tunayoulizwa Kila Msimu

Mashua yetu ikivutwa nchi kavu kusuguliwa, watu hujua mashindano yamekaribia, na maswali huanza. Huuliza wageni, huuliza vijana wetu waliokulia Mombasa na Nairobi, huuliza hata jamaa walioko Ghuba wanaopiga simu kujua mashua ya nyumbani imetokaje. Tumeyakusanya yanayorudi kila mwaka tukayajibu kama tunavyoyajibu pale ufukweni, msasa mkononi. Sisi ni kikundi kidogo chenye mashua moja. Tunayoyasema ni ya mashua hiyo na ya maji ya Lamu.

Msimu huanza lini?

Hatuna ratiba moja ya mwaka mzima kama ligi ya mpira. Mashua hushindana palipo na shughuli. Mwaka mpya huwa na mbio Shela. Novemba, kwa kawaida, huja Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambapo mashua hushindana siku zile zile za mbio za punda, kuogelea na bao. Vijiji vya visiwani navyo huandaa mbio zao sikukuu za Idi, au nahodha mmoja akimchokoza mwenzake mbele za watu na maneno yakashindwa kurudi kinywani.

Shughuli tunayoihesabia siku kwa vidole ni Maulidi, yale yenye kitovu chake Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh. Maulidi hufuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11. Tarehe 12 Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, iliangukia mwisho wa Septemba mwaka 2023, katikati ya Septemba mwaka 2024, na mwanzoni mwa Septemba mwaka 2025. Kwa mtu wa nchi kavu hiyo ni tofauti ndogo. Kwetu ni tofauti ya tanga. Maulidi yanatoka kwenye demani, msimu ambao upepo umelegea, na kila mwaka yanazidi kuingia ndani ya kusi, upepo mkali wa kusini. Tanga pana lililotupa ushindi miaka michache iliyopita sasa ni hatari, na ndiyo sababu mwaka huu tumekaa na fundi kushona jipya lililo dogo. Wazee wetu walihesabu bahari kwa mwaka wa nairuzi, siku 365 kwa makumi makumi, kwa kuwa mwezi peke yake haukuwaambia upepo. Anayeandaa mashua kwa Maulidi hana budi kuzishika hesabu zote mbili kichwani.

Upepo upi ni mzuri zaidi, kusi au kaskazi?

Muulize mtazamaji atakwambia kaskazi. Muulize nahodha wetu atakwambia kusi.

Mlango wa bahari ulio kati ya Lamu na Manda unafungukia bahari kuu upande wa Shela. Kusi ikivuma huingia kutokea huko. Ukitoka mjini kwenda Shela unabisha, yaani unaukabili upepo kwa kona kona, mwanzo mpaka mwisho, na ukirudi una upepo wa tezi, wa nyuma. Mbio za kusi huamuliwa kwenye ule mwendo wa kubisha. Nahodha asiyejua kwenda joshi, kuukaribia upepo, ataiona mashua yake ikitembea ubavuubavu kama kaa, omo, pua ya mashua, imeelekea Shela na mwili mzima ukisogea Manda.

Kaskazi huvuka kutoka Manda na kutupiga ubavuni tukienda na tukirudi. Mashua zote hukimbia, povu jeupe kila mahali, na aliye kwenye ukuta wa pwani mjini hupata picha nzuri. Lakini mikoko na miti ya Manda huukatakata upepo ule. Unakuja kwa mafungu: unakufa, watu wote wanarudi ndani ya mashua, kisha unapiga ghafla na mashua inalala kabla hujapumua. Kaskazi hupima wepesi wa mabaharia, kusi hupima akili ya nahodha. Mimi niko upande wa nahodha wetu.

Mbona saa ya kuanza hubadilika kila mara? Tulifika asubuhi tukaambiwa mchana.

Kamati hufuata maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani yetu hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na kati ya kupwa na kujaa kuna tofauti ya karibu mita 3. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa mnamo saa nne, na mkondo wenyewe umelala. Ukianzisha mbio za bamvua saa nne asubuhi, nusu ya mashua zitakwama kwenye mafungu ya mchanga.

Mkondo ni nusu ya mashindano na ndiyo nusu ambayo mtazamaji haioni. Maji yakijaa, mkondo huingia kutoka Shela ukielekea mjini. Kukiwa na kusi, anayekwenda Shela anapigana na upepo na maji kwa pamoja. Hapo njia ni moja, kuambaa na ufuo, ambako mkondo ni dhaifu, huku mtu wa omo akiangalia rangi ya maji na kupiga kelele kila anapoona mchanga. Maji yakianza kupwa, mkondo hugeuka ukakusukuma kwenda Shela dhidi ya upepo. Bahari inachafuka, mawimbi yanakuwa mafupi na yenye kusimama wima, maji yanaingia ndani kwa ndoo, lakini unafika.

Kuna mwaka tulianza vibaya, wa mwisho kabisa. Nahodha hakusema neno. Aliipeleka mashua karibu na ufuo wa Lamu, kwenye maji yaliyotulia, na wenzetu wote walikuwa katikati wakipambana. Tulidhani amekata tamaa. Alikuwa anaangalia majani ya bahari yaliyokuwa yakielea. Yalipoanza kusimama, kisha kurudi taratibu kuelekea Shela, akapindua na kuingia katikati pamoja na mkondo. Tulizipita mashua nne kabla ya boya. Hatukushinda siku ile, lakini mpaka leo nikipita pale huangalia majani.

Mnatumia chombo gani? Ni jahazi, dau au ngalawa?

Mashua. Jahazi ni kubwa, la mizigo na safari ndefu. Ngalawa ina matengo, mbao za kuelea, mawili pembeni na ni chombo cha Unguja, Mafia na mrima kuliko cha kwetu. Mashua ya Lamu ina omo iliyosimama karibu wima, tanga moja la pembe tatu lenye foromali ndefu, boriti linalofungiwa tanga, na kwa nyingi jicho la duara lililochongwa na kupakwa rangi kwenye omo. Nyingi zinazoshindana huvua au kubeba wageni siku nyingine zote za mwaka. Ya kwetu hubeba samaki, na harufu yake inashuhudia.

Wengine huuliza kuhusu mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka. Huo ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mfano wake mdogo uko kwenye makumbusho ya Lamu, nendeni mkauone.

Ndani ya mashua kuna watu wangapi, na kila mmoja hufanya nini?

Ya kwetu huchukua 12. Nahodha ameshika kana, mkono wa usukani. Mmoja ameshika demani, si ule msimu bali kamba inayovuta au kulegeza tanga, naye hamwangalii mtu yeyote isipokuwa nahodha. Wawili wako mlingotini kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, na foromali. Mmoja yuko omo. Mmoja, mara nyingi kijana mdogo kuliko wote, anafua maji ngamani, chini kabisa ya chombo, bila kupumzika, na kazi yake haina sifa ingawa mashua yenye maji ndani haijawahi kushinda chochote. Waliobaki ni uzito: wanahama na magunia ya mchanga na kupanda ubao.

Ule ubao unaotokeza nje ni wa nini? Tuliona watu wanakaa juu yake kama ndege.

Tanga la mashua ni kubwa kwa mwili wake, na upepo ukilijaza mashua inalala upande wa demani, upepo unakokwenda. Ubao hutolewa nje upande wa goshini, upepo unakotoka, na watu hupanda juu yake mmoja mmoja kadiri upepo unavyoongezeka. Uzito wao nje ya ubavu huisimamisha mashua, na mashua iliyosimama hukimbia kuliko iliyolala. Mtu mmoja akiwa mwisho wa ubao huvuta zaidi ya watatu waliokaa ndani. Upepo ukilegea ghafla wanapaswa kurudi haraka, ama sivyo mashua inawachovya baharini upande ule ule waliokaa.

Kukaa mwisho wa ubao kunafundishwa. Usitazame maji, tazama mlingoti. Ukianza kupanda juu, jua upepo umezidi. Ukianza kushuka, anza kurudi kabla hujaambiwa.

Kwa nini mashua huonekana kama zinasimama zikifika kwenye boya?

Kwa sababu hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, na nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayotofautisha tanga letu na matanga ya wazungu.

Foromali ya mashua hufungwa upande mmoja wa mlingoti. Ukitaka upepo uje upande wa pili, tanga lote pamoja na foromali yake lazima livuke mbele ya mlingoti. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupindua kwa goshi, yaani kuipitisha omo kwenye upepo. Ya pili ni kupindua kwa demani, kuupa upepo tezi na kuzunguka upande wa nyuma. Ya goshi ni fupi lakini mashua ikikosa kasi hukwama katikati, tanga likapiga mlingoti, na mkondo ukakurudisha ulikotoka. Ya demani ni salama zaidi ila hukupotezea maji uliyokwisha kuyapata, na kwenye kusi kila hatua ya maji imenunuliwa kwa jasho.

Kwa njia yoyote ile, wawili wa mlingotini huvuta ncha ya chini ya foromali mpaka isimame wima kando ya mlingoti, mwenye demani anaiachia yote, mtu wa omo anaipokea na kuipitisha mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, na wakati huo huo magunia na ubao vinahama. Watu 12, mashua nyembamba, upepo, na vyote vifanyike nahodha anapomaliza kutamka neno moja. Kikundi kilichozoeana huimaliza kazi kabla mashua haijapoteza mwendo. Kikundi kisichozoeana utakisikia kutoka ukutani mjini.

Msimu uliopita foromali yetu ilivunjika hapo hapo kwenye boya la mwisho, tukiwa wa pili. Ilikuwa ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja, na kamba ya kifungo ilikuwa imeoza ndani bila kuonekana kwa nje. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuikagua. Niliipapasa kwa juu nikasema iko sawa. Ilipokatika, kipande cha juu kilianguka na tanga majini na likageuka nanga. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Tulivutwa na mashua ya injini mpaka gatini, watu wakitutazama. Tangu siku hiyo kila kifungo hufunguliwa chote na kufungwa upya, hata kama kinaonekana kipya.

Nani hupisha nani?

Kamati husoma masharti kabla ya mbio na manahodha huitikia mbele za watu. Yanayorudi kila mara ni mawili: anayempita mwenzake ndiye anayejiepusha, na aliye ndani karibu na boya aachiwe nafasi ya kuzunguka. Migogoro haikosekani. Kuna migogoro ya boya moja ambayo wajukuu wameirithi.

Je, inaruhusiwa kumwaga farumi njiani?

Swali hili limewahi kuvunja urafiki. Farumi ya mashindano ni magunia ya mchanga. Ukiwa unabisha unayahitaji, ukigeuka kurudi na upepo wa tezi ni mzigo bure. Wapo wanaoyafungua baharini baada ya boya la juu na kurudi wepesi. Wengine humwaga mpaka watu: kijana anaruka majini karibu na ufuo na mashua inaendelea bila yeye.

Masharti hutofautiana kwa kila mbio, kwa hiyo sikiliza kamati inasema nini siku hiyo. Kwenye kikundi chetu tumekubaliana jambo letu wenyewe, hata pale kamati inaporuhusu: idadi ya watu wanaoondoka ndiyo inayorudi. Mchanga unaweza kubaki baharini. Kijana haachwi. Tumewahi kupitwa kwa ajili ya msimamo huu, na tuko radhi kupitwa tena.

Mbona mnashona tanga jipya na la zamani lipo?

Kwa sababu tanga ni nguo inayochoka. Likishapigwa na jua na chumvi miezi mingi hunyooka katikati kama goti la suruali, na tumbo la tanga linahama kutoka mahali fundi alipoliweka. Linaendelea kubeba samaki vizuri tu. Kushindana haliwezi.

Tanga la mashindano bado tunalitaka la pamba, maradufu nzito. Vitambaa vya nailoni na maturubai ni rahisi na havinyonyi maji kwa wingi, na vikundi vingine vimeshahamia huko. Lakini pamba ikilowa kidogo inakaza nyuzi zake na kushika upepo, na fundi anaweza kuilea, akalegeza hapa, akavuta pale. Fundi wetu hakati kwa karatasi. Hutandaza nguo mchangani, akaweka vijiti, akavuta kamba kutoka pembe hadi pembe, kisha anarudi nyuma na kutazama kwa muda mrefu. Siku ile haulizwi kitu. Akishasema "hapa", panakatwa.

Mafundi wa kazi hii wamebaki wachache. Ninavyoona, mbio hizi ndizo zinazowaweka kazini. Kwa kazi ya kila siku mvuvi hahitaji tanga lililokatwa kwa macho ya namna ile, na wengi hawahitaji tanga kabisa.

Kwani injini hazijamaliza mashua za tanga?

Kwa kazi, karibu zimemaliza. Nenda gatini asubuhi uhesabu vyombo vinavyoondoka kwa upepo peke yake. Simlaumu mvuvi. Injini humrudisha nyumbani na samaki wake hawajaharibika, na upepo ukifa haumwachi baharini usiku.

Ila kuna mambo ambayo hujulikana kwa tanga tu. Kijana aliyelelewa na injini hajui kwamba mkondo hugeuka karibu na ufuo kabla ya kugeuka katikati, kwa sababu hajawahi kuhitaji kujua. Hajui kusoma weusi wa maji unaotangulia upepo. Hajui uzito wake mwenyewe ndani ya chombo. Siku ya mbio anavijua vyote kwa saa mbili, na baada ya hapo haviachi. Matondoni, kijiji chetu cha waunda vyombo, fundi mmoja mzee aliniambia kwamba wateja wa siku hizi humuuliza kwanza tezi itabeba injini ya ukubwa gani, na ni mwenye mashua ya mashindano peke yake anayeuliza habari ya mkuku, uti wa mgongo wa chombo. Tangu nilipoyasikia hayo naona aibu mtu akisema mbio ni mchezo wa kuwaburudisha wageni.

Mashua hutengenezwaje kabla ya mbio?

Huvutwa nchi kavu siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa kuwa siku hiyo bahari yenyewe huiinua mpaka juu ya ufuko na kuokoa migongo yetu. Hapo kuna kama wiki mbili mpaka bamvua lijalo liishushe. Kwanza inaachwa ikauke. Mbao zilizokaa majini hunywa maji, na mashua iliyokauka ni nyepesi kwa uzito wa watu kadhaa. Kisha inakwanguliwa chaza na majani, inasuguliwa, inakalafatiwa pamba kwenye nyufa, na chini inapakwa deheni, mafuta ya wanyama yaliyochanganywa na chokaa. Wengine siku hizi hupaka rangi ya dukani. Sisi tumebaki na deheni kwa sababu inateleza na kwa sababu tunaijua.

Kuna hatari ya kukausha kupita kiasi. Mbao zikisinyaa sana zinaachana, na siku ya kwanza majini mashua inavuja kama kapu. Kwa hiyo huishusha siku mbili tatu kabla ya mbio ili ifunge.

Je, mbio hizi ni kama zile za Dubai?

Ni ndugu wa mbali. Mbio za Al Gaffal zilianza mwaka 1991. Majahazi ya futi 60 hutoka kisiwa cha Sir Bu Nair mpaka Dubai, zaidi ya maili 50 za bahari, kukumbuka wapiga mbizi wa lulu walivyorejea nyumbani msimu ulipokwisha. Tanga ni la ukoo mmoja na letu, na baadhi ya maneno yetu ya baharini yalipita njia hiyo hiyo ya kaskazi. Lakini kule bahari ni wazi na mwendo ni mrefu wa upande mmoja. Kwetu ni mlango mwembamba, maboya, na kupindua tena na tena mbele ya macho ya mji mzima. Jamaa yetu mmoja aliyezitazama zote mbili alisema kule unashangilia chombo, hapa unashangilia mpwa wako.

Na ngalawa za Zanzibar?

Hizo ni za ustadi mwingine. Matengo hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na ubao na magunia, kwa hiyo ngalawa huhitaji watu wachache na hukimbia sana ikipata upepo wa ubavuni. Tukikutana nao tunabishana mpaka usiku.

Zawadi ni nini?

Mara nyingi ni fedha, wakati mwingine vifaa. Zikigawanywa kwa watu 12 baada ya kulipa maradufu, kamba na chakula cha wiki mbili za matengenezo, hakuna anayetajirika. Mshindi hupata kupita barabara ya pwani jioni polepole, na watoto nyuma yake.

Watoto wanaweza kujiunga?

Watoto wetu huanza kabla ya kutuuliza. Huchonga vidau vya mti mwepesi, wakaweka tanga la mfuko wa plastiki, na kuvishindanisha maji yakipwa, wakitembea navyo hadi mapajani. Tazama mtoto anavyosogeza kijiwe ndani ya kidau chake ili kisilale: huyo ameshaielewa farumi. Ndani ya mashua tunachukua kuanzia miaka 15, awe anajua kuogelea vizuri na mzazi wake amekuja mwenyewe kututazama usoni.

Na wasichana?

Mpaka sasa mabaharia wa mbio hizi ni wanaume, na wanawake huonekana ukutani kwa ngoma na vigelegele. Kwenye kikundi chetu jambo hili limezungumzwa waziwazi. Wasichana wawili wa majirani zetu wamekuwa wakija kujifunza kushona tanga kwa fundi, kwa idhini ya wazazi wao, na mikono yao ni mizuri kuliko yangu. Mimi ningependa waishike na kana. Wapo wenzangu wasiokubali, na mazungumzo yanaendelea kwa heshima.

Usalama ukoje?

Kila mtu huvaa jaketi la kuokolea maisha, hata mzee aliyezaliwa baharini. Mashua ya injini hufuata mbio. Mashua ikipinduka, sheria ni moja: shikilia mashua, usiogelee kwenda ufuoni hata ukiuona uko karibu, kwa sababu mkondo wa bamvua hauonekani kwa macho. Kusi ikichafuka kupita kiasi kamati huahirisha, na nahodha anayenung'unika hujibiwa na wazee.

Nitafikaje, na nikae wapi nitazame?

Kwa ndege utashukia Manda na kuvuka kwa boti. Kwa basi kutoka Mombasa utafika Mokowe, ukavuke kwa boti vilevile. Mjini hakuna haja ya gari, ni miguu na punda.

Watu wengi husimama ukutani mbele ya mji, na hapo ngoma na kelele ni tamu. Ukitaka kuuona mchezo wenyewe, tembea kama kilomita 3 kwenda Shela, kiasi cha dakika 40 kwa mwendo wa kawaida, ukasimame palipo karibu na boya la juu. Kaa kimya usikilize. Utamsikia nahodha akitoa neno, kisha utaona foromali ikisimama. Kama maji yamejaa, rudi kwa boti, njia ya ufukweni hufunikwa.

Kuna habari gani za msimu huu?

Foromali ni mpya, na vifungo vyake nimevifunga mwenyewe mbele ya nahodha. Ubao mmoja wa ubavuni, uliokuwa umeliwa na mchwa wa bahari, umebadilishwa kwa mbambakofi. Tanga jipya limepunguzwa upande wa chini kwa ajili ya kusi, na lile pana limekunjwa ndani likisubiri Novemba.

Habari kubwa ni ya nahodha. Amesema kwamba mbio za Maulidi atazishika yeye, na za Novemba atakaa katikati ya mashua kama farumi na kana atampa mpwa wake. Kijana ana miaka 24. Tumeanza kumzoesha jioni, mzee amekaa mbele yake akiwa amempa mgongo, hatazami tanga wala boya, anasikiliza maji tu yanavyopita ubavuni. Kijana akikosea mzee hunyanyua kidole kimoja bila kugeuka.

Mashua inashushwa bamvua lijalo, maji yakijaa, mnamo saa kumi alasiri. Tunahitaji watu 20 wa kusukuma. Njoo na nguo usiyoionea uchungu, deheni haitoki.